Kufungwa kwa barabara kuu kutokana na mvua mkoani Arusha

Kufungwa kwa barabara kuu kutokana na mvua mkoani Arusha ni kukatika kwa mawasiliano ya barabara, kwa saa chache au kwa siku kadhaa, kunakotokea wakati wa mvua kubwa katika jiji la Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania. Husababishwa na maji yanayopita juu ya lami, na tope na mawe yanayoshushwa na makorongo, au na kubomoka kwa kalavati na daraja. Mvua ndiyo inayoanzisha tukio, lakini hali ya mitaro, makalavati na kingo za mito ndiyo mara nyingi huamua kama barabara itabaki wazi au itafungwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee Arusha kwa sababu njia kuu zinazounganisha Kenya, Kilimanjaro na mikoa ya kati ya Tanzania hupita chini ya mlima huo. Zikifungwa, wanaoathirika ni pamoja na wanafunzi, wagonjwa, wafanyabiashara wa mazao, wasafirishaji wa mizigo na watalii.

Jiografia ya maji

Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Jiji la Arusha liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, kilomita 15 hivi kutoka kileleni. Kwa hiyo maji ya mvua hushuka zaidi ya mita 3,000 katika umbali mfupi, na mito ya mlima huo inaweza kujaa kwa muda mfupi sana, hata pale ambapo mvua imenyesha juu mlimani tu na mjini kuna jua.

Mito na vijito kadhaa hupita ndani ya jiji, ikiwemo Themi, Naura, Kijenge, Ngarenaro na Burka. Maji ya upande wa kusini na kusini mashariki ya mlima hukusanyika katika mto Kikuletwa, ambao huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea kama mto Pangani hadi Bahari ya Hindi.

Eneo hili lina misimu miwili ya mvua. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Miteremko ya kusini, yenye mashamba ya migomba na kahawa, hupata mvua nyingi. Upande wa kaskazini, kuelekea Oldonyo Sambu na Longido, ni mkavu zaidi na una nyasi chache. Ukavu huo hauondoi hatari: ardhi isiyo na mimea ya kutosha hunyonya maji kidogo, na korongo lililokuwa kavu kwa miezi mingi linaweza kugeuka mto kwa saa chache.

Udongo wa eneo kubwa umetokana na majivu na mawe ya volkeno. Una rutuba, lakini humomonyoka kwa urahisi unapobaki wazi. Ndiyo maana maji yanayofika barabarani mara nyingi huwa yamebeba mchanga, tope, mawe na magogo.

Barabara zinazohusika

Barabara kuu tatu hukutana Arusha au karibu nayo:

- Arusha–Namanga, inayoelekea mpaka wa Kenya na kuendelea hadi Athi River na Nairobi. Hupita magharibi na kaskazini magharibi mwa Mlima Meru.
- Arusha–Moshi, inayopita Tengeru, Usa River na Maji ya Chai kuelekea Kilimanjaro, Tanga na Dar es Salaam. Ndiyo njia ya kwenda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Huvuka vijito vingi vinavyotoka mlimani moja kwa moja.
- Arusha–Makuyuni–Babati, inayopita Kisongo na kuelekea Manyara, Dodoma na Singida. Kutoka Makuyuni kuna tawi linalokwenda Mto wa Mbu, Karatu na Ngorongoro.

Njia ya Namanga–Arusha–Babati–Dodoma ni sehemu ya barabara ndefu ya Afrika inayokusudiwa kuunganisha Cairo na Cape Town.

Katika miaka ya 2010 sehemu ya Sakina hadi Tengeru, yenye urefu wa kilomita 14.1, ilipanuliwa kuwa ya njia nne, na ikajengwa barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 inayozunguka jiji upande wa kusini kati ya Usa River na Ngaramtoni. Mchepuo huo umetoa njia mbadala kwa magari makubwa. Hata hivyo nao huvuka mito ileile, ila chini zaidi, mahali ambapo maji ya vijito kadhaa yamekwisha kuungana.

Jinsi barabara inavyokatika

Barabara ya lami iliyojengwa kukingama mteremko hufanya kazi kama ukuta mfupi. Maji yaliyokuwa yakishuka kwa upana hulazimika kufuata mtaro wa pembeni hadi kwenye kalavati au daraja, kisha kupita chini ya barabara. Mahali hapo ndipo penye udhaifu mkubwa zaidi.

Kiasi cha maji huwa kikubwa kuliko inavyodhaniwa. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba hutoa mita za ujazo 50,000. Sehemu yake huingia ardhini na nyingine hutiririka. Paa za mabati, sakafu za saruji na barabara zinapoongezeka, sehemu inayoingia ardhini hupungua, na inayotiririka hufika kwenye kalavati haraka zaidi.

Barabara huharibika kwa njia kuu nne:

1. Kuzibwa. Kalavati hujaa mchanga, taka na matawi. Bomba la mviringo lililojaa tope hadi nusu halipitishi nusu ya maji yake ya awali. Kwa sababu maji husuguana na kuta na tope katika nafasi ndogo, uwezo wake hushuka hadi zaidi kidogo ya theluthi moja.
2. Kufurika. Maji yaliyokosa njia hupanda na kupita juu ya lami. Yanapoanguka upande wa pili huchimba bega la barabara, na lami hubaki ikining'inia bila udongo chini yake.
3. Kuchimbwa kwa misingi. Mto wenye kasi huondoa udongo unaoshika nguzo na kuta za daraja. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo wake huongezeka mara nne. Uchimbaji wa mchanga karibu na daraja huongeza hatari hii kwa sababu hushusha kina cha mto.
4. Kulowana kwa tabaka za chini. Mtaro usiopitisha maji huyaacha yakiingia chini ya lami. Tabaka la kifusi hupoteza nguvu, na uzito wa malori huvunja lami hata baada ya mvua kukatika.

Wahandisi husanifu kalavati na madaraja kwa kukadiria mafuriko ya kiwango fulani, kwa mfano yale yanayotarajiwa kwa wastani mara moja katika miaka 25. Maneno hayo hayana maana kwamba mafuriko yakitokea leo yatasubiri miaka 25 kurudi. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 4. Katika kipindi cha miaka 25, uwezekano wa kutokea angalau mara moja ni takriban asilimia 64. Aidha, hesabu hizo hudhani kwamba kalavati ni safi. Kalavati kubwa iliyozibwa inaweza kushindwa na mvua ya kawaida ya masika.

Matengenezo na mgawanyo wa majukumu

Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ulioanzishwa mwaka 2000. Mtandao wake una zaidi ya kilomita 35,000. Barabara za wilaya, mitaa na vijiji ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi Julai 2017. Wakala huu una mtandao mkubwa zaidi, na sehemu kubwa yake ni barabara za udongo.

Fedha za matengenezo hutoka hasa katika Mfuko wa Barabara, unaotegemea tozo ya mafuta. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za mfuko huo zitumike kwa matengenezo. Mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini.

Maji hayafuati mgawanyo huo. Tone linaloanguka juu ya Arusha linaweza kupita katika msitu wa hifadhi, shamba la mwanakijiji, mtaro wa mtaa ulio chini ya TARURA, eneo ambalo halmashauri huzoa taka, kalavati ya TANROADS, na hatimaye mto unaosimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Kalavati ya barabara kuu inaweza kusafishwa vizuri na bado ikazibwa na taka za mtaro wa mtaani ulio juu yake. Vivyo hivyo, mtaro mpya wa mtaa unaweza kuelekeza maji mengi kwenye kalavati ya zamani ambayo haikusanifiwa kuyapokea.

Ongezeko la watu limeongeza shinikizo hilo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika jiji la Arusha, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu 617,631. Makazi yamepanda kuelekea mlimani na kushuka hadi kwenye mabonde ya kusini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 nayo imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Nyumba, vibanda na mashamba yakiingia katika maeneo hayo, maji hukosa nafasi ya kutanuka na mitambo hukosa nafasi ya kusafisha mitaro.

Kuchelewesha matengenezo hakuokoi fedha. Makadirio ya wakala wa barabara wa Afrika Kusini, ambayo hunukuliwa mara kwa mara katika maandiko ya uhandisi, yanaonyesha kwamba barabara iliyokosa matengenezo kwa miaka mitatu hugharimu takriban mara sita zaidi kuirekebisha, na baada ya miaka mitano takriban mara 18. Kazi zinazoahirishwa kirahisi ni zile zisizoonekana na wapita njia: kuzibua kalavati, kufyeka mitaro na kujenga upya kuta za mawe kwenye midomo ya kalavati.

Msimu wa 2023–2024

Mvua za vuli ya 2023 na masika ya 2024 zilikuwa kubwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ziliambatana na El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, pamoja na hali ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi kuwa na joto kuliko upande wa mashariki.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za mji wa Katesh mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walifariki. Barabara ya Babati–Singida, ambayo ni mwendelezo wa safari ya kutoka Arusha kwenda mikoa ya kati na Kanda ya Ziwa, ilifunikwa na tope na kazi ya kwanza ya mitambo ikawa kuifungua ili misaada ipite. Chanzo cha tukio hilo kilikuwa kuporomoka kwa sehemu ya mlima iliyolowa maji. Hata mitaro mizuri isingeweza kulizuia.

Tarehe 12 Aprili 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji katika eneo la Muriet, kusini mwa jiji la Arusha. Wanafunzi kadhaa walifariki, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa akishiriki katika uokoaji. Tukio hilo halikutokea kwenye barabara kuu, bali kwenye njia ya mtaani inayovuka bonde. Lilionyesha kwamba vivuko vidogo, ambavyo havina vizuizi wala askari wa kuyazuia magari, vinaweza kuwa hatari kuliko madaraja makubwa.

Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na majeruhi 236 nchini, na kuathiri zaidi ya watu 200,000 katika kaya zaidi ya 51,000. Mashamba, nyumba, madaraja, reli na barabara ziliharibiwa. Pamoja na El Niño, alitaja uharibifu wa mazingira, ukiwemo ukataji wa miti na ufugaji usiodhibitiwa, kuwa sababu ya madhara kuongezeka.

Siku chache baadaye, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalivunja kizuizi katika eneo la Old Kijabe na kuua makumi ya watu huko Mai Mahiu nchini Kenya. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ya Kenya ilieleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya kupitishia mto chini yake kuzibwa na uchafu. Tukio hilo ni mfano wa jinsi tuta la reli au barabara linavyoweza kugeuka bwawa pale tundu lake linapoziba.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, na barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi ilikatika katika eneo la Somanga na maeneo ya jirani. Mabasi na malori yalikwama kwa siku kadhaa kwa kuwa hakukuwa na njia fupi ya kuzunguka.

Athari

Njia ikifungwa, athari ya kwanza ni kwa watu walio barabarani. Wagonjwa wanaopelekwa hospitali za rufaa hucheleweshwa, na wanafunzi hulazimika kuvuka maji kwa miguu au kubaki nyumbani. Katika vijiji vya miteremkoni, wajawazito na wazee huathirika zaidi kwa sababu bodaboda na magari madogo hushindwa kupita.

Athari ya pili ni ya kiuchumi. Nyanya, mboga, ndizi na maziwa kutoka Arumeru huharibika haraka. Mkulima aliyekwama Tengeru au Kikatiti anaweza kuuza kwa bei ya hasara au kumwaga. Malori yanayopita mpaka wa Namanga hulipia siku za ziada, na nauli hupanda pale mabasi yanapozunguka. Utalii nao huguswa, kwa kuwa wageni wengi wa Ngorongoro, Manyara, Tarangire na Serengeti huanzia safari zao Arusha.

Athari ya tatu huonekana baada ya maji kupungua. Magari mazito yanapogeuziwa kwenye barabara za mitaa, barabara hizo huharibika haraka, kwa sababu hazikujengwa kwa uzito huo. Hivyo uharibifu wa kalavati moja huhamia kwenye kilomita nyingi za njia nyingine.

Tahadhari na usalama

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa viwango vitatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Uamuzi wa kufunga barabara kuu huwahusisha TANROADS, Jeshi la Polisi kupitia kikosi cha usalama barabarani, na kamati za usimamizi wa maafa za mkoa na wilaya. Barabara hufunguliwa baada ya maji kushuka na wahandisi kukagua misingi, kwa kuwa daraja lililosimama wima linaweza kuwa limechimbwa chini.

Vifo vingi vya mafuriko barabarani hutokea pale dereva anapojaribu kuvuka. Maji yenye kasi yanayofika sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuelea na gari dogo, na sentimita 60 zinaweza kusomba magari mengi, hata yale marefu. Rangi ya tope huficha mashimo, na lami iliyo chini ya maji inaweza kuwa imekwisha ondoka. Kufuata gari lililotangulia si kipimo cha usalama, kwa sababu maji ya mlimani hupanda ndani ya dakika chache.

Kinga

Hatua za kupunguza kufungwa kwa barabara hugawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni matengenezo ya kabla ya msimu. Kusafisha mitaro na makalavati mwezi Februari na Septemba, kabla ya masika na vuli, hugharimu kidogo na huweza kufanywa na vikundi vya wananchi kwa mikataba midogo. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 iliondoa aina moja ya taka zilizokuwa zikiziba mitaro, ingawa chupa, nguo chakavu na mabaki ya ujenzi yamebaki.

Kundi la pili ni ujenzi. Linahusu kupanua makalavati ya zamani kulingana na ongezeko la maji, kuweka kuta za mawe kwenye kingo za mito, na kujenga mitaro inayofika hadi mtoni badala ya kuishia mwisho wa mtaa. Mradi wa miji ya kimkakati uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2010 ulijenga barabara na mitaro katika miji kadhaa, Arusha ikiwemo.

Kundi la tatu ni utunzaji wa mteremko wenyewe. Matuta ya mashambani, miti kwenye kingo za mito na udhibiti wa uchimbaji wa mchanga hupunguza tope kabla halijafika barabarani. Wakulima wa miteremko ya Meru, kama wenzao wa Kilimanjaro, wana historia ndefu ya mifereji ya umwagiliaji. Mifereji hiyo ikitunzwa husambaza maji shambani, na ikiachwa hugeuka makorongo yanayoelekea kwenye lami.

Tazama pia

- Mlima Meru
- Jiji la Arusha
- Mto Kikuletwa
- Wakala wa Barabara Tanzania
- El Niño